Kubofya, kubonyeza na kushikilia: maneno ya kufundishia ukihama Windows kwenda Mac

Msomaji wetu wa Wete anafundisha kompyuta skuli. Wanafunzi wake walizoea Windows, sasa wameletewa Mac, akabandika karatasi ukutani kaandika "bofya Command na C kukopi", wakawa wanabofya kimoja kisha chengine na hakitokei kitu. Anauliza kosa lipo kwenye Kiswahili au wapi, na hizo shotikati, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja kupata kazi moja, aziiteje.

Maalim, kosa lipo kwenye kitenzi. Kubofya kwetu huku ni vile unavyobofya embe kwa kidole kujua limeiva au bado, unagusa mara moja unatoa mkono, ndo maana neno limekaa vizuri kwa kipanya. Kitufe cha kibodi tunakibonyeza. Lakini Command hata kuibonyeza hakutoshi kwa sababu inangojea mwenzake, lazima iwe chini wakati C inabonyezwa, na kazi hiyo kitenzi chake ni kushikilia. Halafu hiyo "na" yako nayo haisemi kama ni pamoja au kwa zamu. Andika hivi: "Kunakili: shikilia Command, usiiachie, bonyeza C." Hilo "usiiachie" wacha likae, kwa anaeanza lina kazi kubwa.

Utaona kazi nimeitanguliza, vitufe vimefuata. Kunakili, kukata, kubandika, kutendua (kurudisha ulichokifanya mwisho), herufi zake ni zile zile C, X, V na Z kote kuwili, Apple, wenye Mac, walizitumia kwenye kompyuta yao ya Lisa ya 1983 na Windows wakaja kuzichukua baadae. Kinachobadilika ni cha kushikilia tu, kule Ctrl huku Command, na Command ipo ubavuni mwa ile spesi ndefu kwa hiyo inamfaa kidole gumba.

Shotikati sina ugomvi nayo, na njia ya mkato ni sahihi. Ila usiifupishe ukasema "mkato" peke yake, maana mkato ni ile alama ya kituo kidogo, na kwenye Mac ukishikilia Command ukabonyeza mkato programu nyingi zinafungua mipangilio yake. Mwanafunzi ataambiwa atumie mkato, atapelekwa kwengine kabisa.

Pa kuangalia zaidi ni neno funga. Kwenye Windows umezoea Alt na F4, dirisha linaondoka na mara nyingi programu nayo imekwisha, kwa hiyo "funga" moja inatosha. Mac ni mambo mawili: Command na W inafunga dirisha lakini programu bado ipo inafanya kazi, Command na Q ndo inaizima programu yenyewe. Basi tenga maneno, andika "funga dirisha" na "zima programu", usichanganye, mtoto akisoma "funga" tu ataacha programu chungu nzima ziko wazi na mashine inakuwa nzito.

Kufuta nako vivyo hivyo. Delete ya Mac inafuta herufi ya kushoto, kama Backspace ya kule, na ukitaka ya kulia unashikilia Fn kwanza. Sema kushoto na kulia, usiseme nyuma na mbele, kila mtu ana nyuma yake.

Nakili au kopi? Ukutani weka nakili, mdomoni sema zote mbili, kwa sababu menyu ya Mac yenyewe imeandikwa Kiingereza na "kopi" inamsaidia mwanafunzi kuitambua pale juu.