Kijana mkubwa anaiba nyumbani: ziba mianya kwanza, kikao baadaye

Shikamoo mama. Umeuliza ufanyeje na kijana wako wa miaka 27 aliyerudi nyumbani hapo Moshi: hela za M-Pesa zinapungua, mtungi wa gesi umeondoka, na ndugu wanakwambia mwite kikao Jumapili hii. Usimwite Jumapili hii. Kikao kikitangulia atalia, ataomba msamaha, halafu wiki hiyo hiyo atabeba kilichobaki kwa sababu ameshajua kuwa umemgundua. Mianya inazibwa kwanza, tena kimya kimya.

Anza na simu. Badilisha namba ya siri leo kwa *150*00#, sehemu ya akaunti yako, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa humo ndani. Wazazi wengi hawaibiwi kwa ujanja wowote. Wanampa kijana simu na namba ya siri "nitolee elfu kumi hapo kwa wakala", basi. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, maana ile "mama nisaidie dole gumba tu" huzaa laini ambayo mikopo yake inasomeka kwa jina lako. Halafu nenda duka la mtandao wako wa simu na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya miezi 3. Karatasi hiyo isome taratibu. Malipo madogo madogo ya usiku kwenda kampuni za kubeti ni ugonjwa mmoja; elfu tano tano zinazotolewa kila siku, saa zile zile, ni ugonjwa mwingine, huenda dawa za kulevya. Angalia na Songesha, ule mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha muamala salio likiwa dogo: kama ilitumika kwenye laini yako, hela atakayokutumia binti yako wa Dar itakatwa deni kwanza, nawe utadhani umeibiwa tena.

Kwenye nyumba, fundi abadilishe silinda ya kitasa cha chumba chako, si lazima kitasa kizima. Aje mchana kijana akiwa hayupo. Funguo moja kaa nayo, nyingine mpe ndugu anayeishi nje ya nyumba hiyo. Kama una mahindi stoo, usihesabu magunia kwa macho. Gunia linaweza kusimama vizuri huku limejazwa pumba katikati. Linyanyue, uzito utakuambia. Ukishalihakiki, lifunge mdomo kwa fundo lako na uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya fundo. Runinga na vitu vya umeme, andika kwenye daftari namba iliyoko nyuma ya kifaa. Za simu, piga *#06#. Daftari hilo lisilale humo ndani.

Na tafadhali, kabla ya hayo yote kukamilika usimfukuze dada wa kazi. Mara nyingi ndiye anayebebeshwa mzigo, na kijana anafurahia hilo.

Kosa linaloendeleza wizi kuliko yote ni kukomboa. Mtungi unauzwa mtaa wa pili, mama anaupata, anamlipa aliyeununua ili aibu isitoke nje. Kuanzia hapo kijana ana soko la uhakika: anauza, mama ananunua. Usikomboe, usilipe madeni yake ya bodaboda, usimpe hela taslimu hata ya nauli. Chakula apewe, dawa anunuliwe. Hela asishike.

Sasa kikao. Watu wanne wanatosha: wewe, kijana mwenyewe, baba yake mdogo au mjomba anayemheshimu, na mtu mmoja asiye wa ukoo, kiongozi wa jumuiya kwa mfano. Kifanyike asubuhi, akiwa hajalewa. Zisemwe tarehe na vitu, neno mwizi lisitajwe, na vitisho vya laana au kuvunja chungu viwekwe kando. Vinamfukuza siku tatu, anarudi na hasira. Mwishoni iandikwe karatasi: analala chumba cha nje au anahama lini, analipa kiasi gani kwa wiki kutoka kwenye vibarua, na nini kitafuata akirudia. Wote wasaini.

Akiwa anatumia unga, yaani heroini, karatasi haitafua dafu. Utaona kusinzia katikati ya maongezi, nguo za mikono mirefu kwenye joto, na akiukosa, arosto inampiga: makamasi, kuhara, maumivu ya mwili. Hapo anahitaji daktari. Anzia hospitali ya Mawenzi au KCMC, au piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya uulize huduma iliyo karibu.

Polisi ni mlango wa kweli, ila ujue unaingia wapi. Ukishapewa RB, namba ya taarifa yako polisi, na jalada likafika mahakamani, kesi ni ya Jamhuri. Hutaifuta kwa kusema umemsamehe. Kwa mtungi wa gesi, wengi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Akikupiga au akikutishia kwa panga, usipite kwa mwenyekiti, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni siku hiyo hiyo. Na kwa hasira yoyote ile usipige yowe la "mwizi" barabarani. Watakaokuja na mawe hawatauliza kama ni mwanao.

Hati ya nyumba ya mjini itoe humo ndani, ikae kwa mwanasheria au ndugu unayemwamini. Kihamba cha Kibosho, lile shamba la ukoo, ndicho kinachosahaulika, kwa kuwa vihamba vingi havina hati: vinauzwa kwa karatasi, mbele ya viongozi wa kijiji na majirani wa mipaka. Waandikie hao barua kwamba kihamba hakiuzwi wala hakiwekwi rehani bila wewe kuwepo mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kijiji.