Sonos, WiiM, Chromecast au Lyrion? Muziki wa nyumba nzima kwa mazingira ya Dar

Mkuu, umeuliza uchukue mfumo gani wa kusambaza muziki nyumba nzima. Umesema uko Tabata, nyumba ya vyumba vitatu, sebuleni kuna sabufa nzuri tayari, unataka sauti ifike jikoni na barazani, intaneti ni ruta ya 4G ya bando, na kwenye diski una nyimbo kama 10,000 za dansi, taarab na kaswida. Kwa hali hiyo mimi nakwambia weka Lyrion, programu ya seva inayosambaza nyimbo zako, kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), WiiM (kipokezi cha muziki cha Wi-Fi) kwenye sabufa, na Pi ndogo jikoni na barazani. Ubora wa sauti usikuumize kichwa, kwa sababu hivi vyote vinacheza muziki wa kiwango cha CD bila shida. Jiulize wimbo unatoka wapi, na intaneti au umeme ukiondoka, nini kitaendelea kuimba.

Tuanze na bando. Muziki wa kbps 320 (kasi ya data ya wimbo) unakula MB 144 kwa saa. Ukisikiliza saa 5 kwa siku ni MB 720, mwezi mzima GB 21 na ushee. Ukipandisha hadi muziki usiobanwa wa kiwango cha CD, ni kama MB 400 kwa saa, yaani GB 60 kwa mwezi kwa saa hizo hizo. Hata redio ya mtandaoni ya kbps 128, ikiachwa jikoni saa 8 kila siku, inakaribia GB 14 kwa mwezi. Nyimbo zilizo kwenye diski yako hazigusi bando hata kidogo, kwa sababu zinazunguka ndani ya nyumba tu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka bando liishe. Unapakua nyimbo kwenye simu usiku kwa bando la bei nafuu, asubuhi unabonyeza zicheze kwenye spika kupitia Spotify Connect au Chromecast. Simu haitumi zile nyimbo ulizopakua. Inaiambia spika tu "cheza wimbo huu", na spika inaufuata yenyewe mtandaoni upya, kwa bando lako. Nyimbo zilizopakuliwa kwenye simu zinatoka kwa Bluetooth, kwa waya wa AUX, au kwa AirPlay, njia ya Apple ya kurusha sauti kwa Wi-Fi, kama una iPhone. Hizo tatu zinatoa sauti kwenye simu yenyewe, zingine zinatoa amri.

Sasa mifumo yenyewe.

Chromecast, mfumo wa Google wa kurusha muziki, sitaizungumzia muda mrefu. Chromecast Audio, kile kidude cha duara cha mwaka 2015, Google walisitisha kukitengeneza mwaka 2019, kwa hiyo unachokiona dukani leo ni mtumba au mabaki. Shida kubwa zaidi ni kwamba kila ukirusha wimbo, kipokezi kinapakia programu yake kutoka mtandaoni kwanza. Intaneti ikikata, hata wimbo ulio ndani ya nyumba yako kwa kawaida hautaanza.

Sonos ni mfumo uliotulia kwa mtu anayetaka kununua spika mpya kabisa na kutumia huduma za kulipia. Vyumba vinaimba pamoja bila mwangwi, na unaweza kuuelekeza kwenye folda ya muziki iliyo kwenye kompyuta au diski ya mtandao, mwisho nyimbo 65,000. Kwa hali yako una vikwazo viwili. Sabufa yako haiingii kwenye Sonos bila kifaa cha kuunganishia kama Sonos Port, ambacho bei yake ni ya juu mno kwa kazi hiyo. Pili, uwe makini na mtumba: tangu mwaka 2020 kuna mifumo miwili, S1 na S2, na vifaa vya zamani kama Play:5 ya kwanza na Connect ya kwanza vinabaki S1 milele. Havichanganyiki na vipya kwenye mfumo mmoja. Ukiuziwa spika mbili za bei poa za vizazi tofauti, utabaki na programu mbili kwenye simu na spika zisizoongea. Halafu Mei 2024 walitoa programu mpya iliyoondoa vitu vingi ambavyo watu walivizoea, vikawa vinarudishwa polepole. Mfumo ambao rimoti yake ni programu moja ya kampuni moja, siku programu ikiharibika huna mlango mwingine.

Lyrion ni jina jipya la mwaka 2024 la Logitech Media Server (LMS), ambayo mizizi yake ni Slim Devices na kipokezi chao cha SliMP3 cha mwaka 2001. Logitech waliwanunua 2006, wakaacha kutengeneza Squeezebox, vipokezi vya muziki vya mfumo huu, 2012, na mwaka 2024 tovuti yao ya kuendeshea vifaa hivyo ikafungwa. Programu ya seva haikufa kwa sababu ni ya wazi na watu wanaiendeleza. Ukikuta Squeezebox ya mtumba, inafaa, ila lazima seva iwe ndani ya nyumba, na ulinzi wa Wi-Fi kwenye ruta uwe WPA2, maana WPA3 hivi vya zamani havielewi.

Vya kununua:

- Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 2, adapta yake halisi ya volti 5 ampea 3, na memori kadi ya GB 16.
- SSD (diski isiyozunguka) ya USB ya GB 256. Wimbo wa dansi wa dakika 7 kwa kbps 320 ni kama MB 17, hivyo nyimbo 10,000 za urefu huo ni GB 170.
- WiiM Pro kwa sabufa. WiiM Mini pia inafaa, ila haina tundu la waya wa mtandao.
- Raspberry Pi Zero 2 W mbili, kila moja na DAC ndogo ya USB (kifaa kinachogeuza data kuwa sauti) na kiunganishi chake cha USB, maana Pi Zero haina tundu la sauti. Kwenye Pi 4 tundu lipo lakini sauti yake ni hafifu, usilitegemee.
- Ruta ndogo ya kawaida. Hii usiiruke, nitaeleza.

Kufunga: andika piCorePlayer, mfumo wa Pi uliotengenezwa kwa muziki, kwenye kadi kwa kutumia Raspberry Pi Imager, chomeka Pi kwenye ruta kwa waya, fungua pcp.local kwenye kivinjari. Kabla ya chochote bonyeza "Resize FS", kwa sababu nafasi iliyoachwa kwenye kadi ni ndogo na ukiruka hatua hii usakinishaji wa LMS utakwama katikati. Kisha nenda ukurasa wa LMS, sakinisha, unganisha SSD hapo hapo. Iwe imefomatiwa kwa ext4, fomati ya Linux; ikiwa NTFS, ile ya Windows, itabidi uongeze kifurushi cha ziada, na NTFS ikikatiwa umeme katikati ya kuandika mara nyingi inagoma kufunguka mpaka uirekebishe kwenye kompyuta ya Windows. Seva yenyewe utaifungua kwa anwani ya Pi ikifuatiwa na :9000. Ipe Pi anwani ya kudumu kwenye ruta, vinginevyo siku ikibadilika utatafuta seva nyumba nzima.

Sababu ya kuipenda piCorePlayer hapa kwetu ni kwamba mfumo wake unaishi kwenye RAM. Umeme ukikatika ghafla, kadi haikuwa inaandikwa ovyo kama kwenye mifumo ya kawaida. Kinachoandikwa ni orodha ya nyimbo ya LMS, na hiyo hata ikiharibika unaamuru ikague upya inajijenga. Lakini kuishi kwenye RAM kuna masharti: ukihariri faili kwa mkono, bonyeza "Backup", la sivyo Pi ikizimika mabadiliko yote yanapotea.

Kwenye WiiM, fungua programu yake na uwashe Squeezelite, kipengele kinachoifanya ipokee muziki wa Lyrion. Itaonekana kwenye Lyrion kama kipokezi kingine chochote, na huku bado unabaki na Spotify Connect na AirPlay 2 kwa wageni wenye simu zao. Punguza volti za mlango wa kutolea sauti, kwa sababu volti 2 zinakwaruza kwenye AUX ya sabufa nyingi za bei ya kawaida.

Sasa ruta, ambako ndiko malalamiko mengi yanakoanzia. Ruta nyingi za 4G, hasa zile za mfukoni, zimewashwa "AP Isolation" na hazikupi pa kuizima. Kila kifaa kinaona intaneti lakini vifaa havionani, kwa hiyo simu haioni seva wala spika, na mtu anadhani spika ni mbovu. Zile za betri pia huzima Wi-Fi zenyewe kuokoa chaji. Weka ruta yako ndogo, ile ya 4G iilishe intaneti tu, na kila kitu cha nyumbani, pamoja na simu, kiunganishwe kwenye hiyo ndogo. Simu ikibaki kwenye Wi-Fi ya ruta ya 4G haitaona kitu. Faida nyingine: ukihamia kampuni nyingine ya mtandao au ukivutiwa faiba, hugusi spika hata moja.

Wi-Fi ya GHz 5 inakufa haraka kwenye kuta za tofali za saruji na nguzo za nondo. Pi Zero 2 W ina GHz 2.4 pekee, na kwa muziki inatosha kabisa: vyumba vitatu vya FLAC (faili za muziki zisizopoteza ubora) havizidi Mbps 3 au 4. Kinacholeta kukatakata ni msongamano wa majirani. Pima kwa programu ya kuchunguza Wi-Fi, kisha uweke chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, na upana wa MHz 20. Seva iwe kwenye waya daima. Ikiwa hewani kila wimbo unapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka.

Kuhusu vyumba kuimba pamoja: sauti inasafiri kama mita 1 kwa milisekunde 3. Tofauti ikipita milisekunde 30 hivi, ukisimama mlangoni kati ya sebule na baraza utasikia mwangwi. Lyrion inakuruhusu kurekebisha ucheleweshaji wa kila kipokezi kwa milisekunde. Usimalizie kipokezi kwa spika ya Bluetooth, maana Bluetooth inaongeza milisekunde 100 hadi 200 na zinabadilikabadilika. Tumia AUX.

Umeme. Mini-UPS iliyoandikwa mAh 8,800 hesabu yake ni kwa volti 3.7, yaani Wh 32, na baada ya upotevu unapata kama 27. Ruta ndogo W 8 na Pi W 5 inakupa saa mbili. Ruta ya 4G kama haina betri yake, ihesabu pia. Sabufa haitaimba gizani, lakini mtandao na seva havizimiki, na umeme ukirudi muziki upo. Kagua tundu la volti 5 la hiyo UPS: nyingi zinatoa ampea 1 au 2, na Pi 4 yenye SSD ikinyimwa ampea inajizimisha katikati ya wimbo na utailaumu programu. Barazani weka Pi Zero kwenye pawabanki ya mAh 10,000 na spika ya kuchaji yenye AUX. Inafika saa 12 bila wasiwasi. Jaribu kwanza kuchomoa na kuchomeka chaja ya pawabanki ikiwa inatumika, kwa sababu baadhi hukata sekunde moja na Pi inaanza upya. Sabufa nayo iwe kwenye frijigadi. Na kama amplifaya imetoka Marekani, soma nyuma: ikiandikwa 120V pekee, usiichomeke bila transfoma.

Jambo dogo linalosumbua: Pi 4 haina saa ya ndani. Ikiwaka bila intaneti inakuwa na tarehe ya zamani, alamu zinapotea na redio za mtandaoni zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza. Intaneti ikirudi inajirekebisha.

Ukisikia mvumo mzito kwenye sabufa, ni umeme unaozunguka kati ya adapta, TV na AUX. Chomoa waya wa TV kwanza. Ukitoweka, weka kitenganishi cha RCA kwenye waya huo. Kama sabufa ina tundu la optical, linalopokea sauti kwa mwanga, tumia hilo kwenye WiiM, halipitishi umeme.

Mwisho, kabla hujaamuru Lyrion ikague diski, safisha tagi, yaani majina ya msanii na albamu yaliyo ndani ya faili, kwa programu ya Mp3tag. Muziki wetu una majina mengi. DDC Mlimani Park, Mlimani Park Orchestra na Sikinde ni bendi moja, lakini seva itakuonyesha tatu. NUTA Jazz, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni bendi ile ile kwa nyakati tofauti: mimi naacha jina la wakati ule kwenye sehemu ya msanii, na "Msondo Ngoma" kwenye sehemu ya msanii wa albamu, hivyo zote zinakaa pamoja na historia haipotei. Kwa mikusanyiko ya taarab jaza msanii wa albamu kuwa "Mchanganyiko", la sivyo CD moja inavunjika vipande 12. Halafu pitisha ReplayGain, inayosawazisha ukubwa wa sauti wa nyimbo, kwa programu ya foobar2000, kwa sababu Bongo Fleva ya leo imerekodiwa kwa sauti kubwa kuliko kanda za zamani, na ukichanganya bila kusawazisha, kila wimbo wa pili utakurudisha kwenye kitufe cha sauti. Anza na nyimbo 200 tu, zikae sawa, ndipo uingize zilizobaki.