Mvua milimita 800 kwa mwaka, mahindi yatakubali Chikwawa?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mimi mtu wa Kyela, nimeoa Malawi, wakwe wamenipa eka 3 wilaya ya Chikwawa jirani na Nchalo, shamba linateremka hadi karibu na mto Shire. Jamaa anayeuza mbegu kanitumia ratiba, anasema mvua ya huko inafika milimita 800 kwa hiyo mahindi ya muda mrefu yanakubali, nipande Novemba. Nikicheki kwenye simu Blantyre mvua naona zipo. Niingie?

JIBU: Hongera kwa shamba ndugu yangu, ila hiyo ratiba ifute. Skrini shoti za Blantyre nimeshaonyeshwa mpaka nimechoka. Blantyre iko juu mita 1,000 na zaidi, Chikwawa bomani ni kama mita 100 tu, barabara ni kilomita 50 hivi lakini unateremka ukingo wa bonde la ufa mpaka masikio yanaziba, umeondoka na sweta unafika chini shati limegandana na mgongo. Upepo wa kusini mashariki unamwaga maji yake milimani Mulanje na Thyolo kwenye chai, bondeni unashuka mkavu na wa moto. Oktoba na Novemba joto linapita nyuzi 40.

Sasa hiyo 800. Watu wanaushika wastani wa mwaka kama mshahara, kwamba lazima uingie! Januari 2015 mafuriko, msimu uliofuata ukame wa El Nino, 2019 kimbunga Idai, Januari 2022 dhoruba ya Ana ikabomoa hadi bwawa la umeme Kapichira, Machi 2023 kimbunga Freddy, halafu 2024 ukame tena. Jumlisha ugawanye, utapata namba nzuri kabisa na ghala halina kitu. Hata mwaka unaoitwa mzuri mvua inapiga siku tatu kwa fujo halafu inakata wiki mbili tatu, mahindi ndo kwanza yanatoa mbelewele, na ule udongo mweusi wanaouita makande unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Wenyeji wanapanda mtama, uwele na pamba si kwa sababu hawajui mahindi, muuza mbegu angewauliza angeambiwa.

Na mto usiusome kwa mawingu ya kwako. Mto Mwanza unaingia Shire na maji ya milimani, kwako jua linawaka na maji yanapanda.

Kwa hiyo juu panda mtama au uwele wa muda mfupi, kule chini mtoni acha msimu wa mvua upite, maji yakishuka Aprili au Mei ndo unaweka mahindi yanywe unyevu uliobaki, wenyewe wanaita dimba. Nyumba usijenge huko chini.

Wengine mnaonunua mashamba mabondeni mmeonyeshwa mwezi wa saba, baridi kidogo, majani ya kijani, dalali anatabasamu, rudini Novemba kabla ya kulipa. Na yule wa kutafuta maji kwa fimbo mbili mpeni nauli aende, bonde lile sehemu nyingi maji ya chini yana chumvi, fimbo haionji, pelekeni sampuli ikapimwe.

Wewe ukifika waulize mashemeji maji ya Ana yaliishia wapi shambani, wakuonyeshe kwa mguu sio kwa kidole.