Thairoidi baada ya kujifungua: kabla hujaongezewa dozi, angalia unameza na nini

Mdogo wangu, nimesoma ulivyoandika, mtoto ana miezi saba, TSH, kile kipimo cha damu cha thairoidi, ilikuja 22, umeanzishiwa dawa ya thairoidi, levothairoksini ya maikrogramu 50, wiki ya tano sasa huoni tofauti, na mama mkwe anakwambia uache maana dawa inaingia kwenye maziwa. Nakujibu kwa urefu maana hapo ulipo nilishapita, na ile miezi ilikua migumu kwangu kuliko hata kujifungua kwenyewe.

Kwanza kabisa usiache. Hiyo dawa ni homoni ileile ambayo tezi ya shingoni, yaani thairoidi, ilitakiwa itengeneze yenyewe, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, hakimdhuru mtoto, nyonyesha kama kawaida. Tena shida iko upande wa pili, homoni ikiwa chini maziwa nayo yanaweza kupungua. Mama mkwe usibishane nae, mimi wa kwangu nilimwomba tu anisindikize kliniki, akamuuliza daktari mwenyewe maswali yake yote, kuanzia siku ile yeye ndo akawa ananikumbusha kumeza.

Mimi nilijifungua mwezi wa tisa 2020, hapa Dar. Mama alikuja kutoka Tanga kunilea, nikakandwa, nikanywa uji wa pilipili manga, arobaini ikaisha niko vizuri tu. Mtoto alipofika miezi mitatu hivi moyo ukaanza kwenda mbio usiku nikiwa nimelala, mikono inatetemeka nikishika kikombe, jasho, nikapungua kilo kama sita na huku nakula kweli kweli. Kila mtu anasema mtoto ananyonya sana huyo. Sikwenda popote, baada ya wiki kadhaa ikatulia yenyewe nikashukuru Mungu nikasahau.

Kufika mwezi wa pili 2021, na joto la Dar mwezi wa pili mnalijua, mimi nalala na sweta na soksi, feni naomba izimwe. Choo siku nne tano sijaenda, ngozi imekauka hata mafuta hayakai, sauti ikawa nzito dada akinipigia anauliza kama nina mafua, asubuhi vidole vina ganzi, kilo zote zimerudi na nyingine juu na wakati hamu ya kula sina. Lakini kilichoniumiza ni akili. Naweka chai jikoni nasahau mpaka sufuria inaungua. Mtoto analia niko nae pale pale namwangalia, sio kwamba simpendi, mwili hauinuki. Wifi yangu alisema nimedekezwa. Jirani akasema ni chango la uzazi akaniletea dawa ya kuchemsha. Zahanati wakapima damu wakasema imepungua, na kweli ilikua 9.4, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, kwahiyo kila mtu akaridhika kwamba tatizo limepatikana, hadi mimi.

Aliyeligundua ni daktari mmoja wa kike, nilienda kwake kwa ajili ya mtoto sio kwa ajili yangu. Akaniangalia uso, akanishika shingo, akanigonga kwa kinyundo nyuma ya kifundo cha mguu, mguu ukaruka ukarudi taratiiibu. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alishaniuliza: mtoto alipokua na miezi miwili mitatu wewe ulikuaje? Nikamsimulia moyo kwenda mbio. Akaandika vipimo, TSH 41, T4, yaani homoni yenyewe ya tezi, iko chini, kingamwili dhidi ya tezi ziko juu sana.

Alinieleza hivi na mpaka leo ndo naelewa hivyo. Ukiwa na mimba kinga ya mwili inajituliza ili isimsumbue mtoto, ukishajifungua inarudi kwa nguvu, na kwa baadhi yetu, kama mmoja kati ya ishirini, inaigeukia tezi ya thairoidi. Tezi ikiumia inamwaga homoni zote ilizokua imeweka akiba, hapo ndo moyo unaenda mbio na unakonda, akiba ikiisha inabaki tupu, hapo ndo baridi na uchovu na kusahau. Kwahiyo ule moyo wa mtoto akiwa na miezi mitatu na hii baridi ya baadae ni ugonjwa mmoja. Wengi tezi inapona ndani ya mwaka, wengine inabaki hivyo moja kwa moja. Wenye kisukari cha aina ya kwanza au wenye ndugu wa thairoidi wako kwenye hatari zaidi. Na TSH isikuchanganye, watu wanaona namba kubwa wanadhani homoni imezidi, ile ni sauti ya ubongo unaiita tezi ifanye kazi, tezi ikiwa kimya ubongo unazidi kupaza sauti, ndo maana yako ni 22.

Sasa ninapotaka unisikilize vizuri ni hapa. Nilipewa 50 kama wewe. Nikameza kila siku bila kuruka, miezi miwili, nikarudi kupima TSH ni 33. Kutoka 41 hadi 33, basi. Nililia pale pale. Daktari akawa anaandika dozi ya juu, nesi aliyekua pembeni akauliza, dada unameza saa ngapi na unameza na nini? Nikamwambia asubuhi, nachukua vidonge vyote kwa pamoja, hiki na vya damu, nashushia na uji wa lishe. Uji wenyewe una soya na karanga na naweka maziwa. Akamwangalia daktari, daktari akaweka kalamu chini.

Chuma cha kwenye vidonge vya damu kinaishika hii dawa tumboni inatoka nayo, haiingii mwilini. Kalsiamu hivyo hivyo, na zile dawa za kiungulia za kutafuna. Soya, maziwa na kahawa navyo vinapunguza inayoingia. Na sisi ambao tumetoka kujifungua ndo tunapewa vyuma, ndo tunapikiwa uji wa lishe, ndo tunaambiwa tunywe maziwa mengi, yaani kila kinacholetwa kwa mapenzi kinagongana na kidonge. Hakuna aliyekosea nia ila mimi sikuambiwa.

Dozi haikupandishwa. Nilibadilisha tu mpangilio. Mtoto alikua anaamka kunyonya kama saa kumi na moja alfajiri, nikaweka kidonge na glasi ya maji pembeni ya kitanda, namnyonyesha nameza na maji matupu nalala tena, chai au uji ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu huko. Angalau nusu saa, ikifika saa nzima ni bora zaidi. Vidonge vya damu nikahamishia mchana baada ya chakula, masaa manne kwenda mbele yawe yamepita. Wiki sita baadae TSH 9. Kidonge kilekile! Baadae nikaongezwa kidogo hadi 75 ikakaa 2.8, na mimi nikarudi kuwa mtu.

Wiki ya tano ulipo bado mapema pia, hata ukimeza vizuri. Hii dawa inakaa mwilini, nusu yake inachukua kama wiki nzima kuisha, kwahiyo inajijenga polepole na ndo maana kipimo kinarudiwa wiki ya sita mpaka ya nane. Kwangu choo na baridi ndo vilianza kuachia, akili ikafuata, nywele zilikua za mwisho kabisa. Na nywele usizihesabie sana, hata mzazi mwenye thairoidi nzima zinamtoka kwenye mwezi wa tatu mpaka wa sita hivi.

Hapo hapo kwenye nywele, kama unakunywa vidonge vya nywele na kucha angalia kama vina bayotini, ni aina ya vitamini, inavuruga vipimo vya thairoidi, majibu yanatoka ya uongo. Mwambie daktari na uviache siku kadhaa kabla ya kutolewa damu. Na nimeona umeshauriwa unywe unga wa mwani wa Zanzibar kwa sababu una madini joto. Najua wamekuambia kwa nia njema ila usifanye, hii yetu haijaletwa na upungufu wa madini joto, imeletwa na kinga ya mwili, madini joto yakizidi yanaweza kuibana tezi zaidi. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha. Kabichi na mihogo kula tu, vipikwe viive, mimi nilitishwa nikaacha kisamvu miezi mizima bila sababu.

Soma na boksi la dawa. Kuna zilizoandikwa 50 na kuna zilizoandikwa 0.05, ni kitu kimoja, ya kwanza ni maikrogramu ya pili ni miligramu, duka la dawa likibadilisha boksi usije ukameza mara mbili. Na usihifadhi juu ya friji au bafuni, joto na unyevu vinaiharibu.

Ramadhani pia wengi wanauliza. Nilipofunga 2022 nilikua nameza usiku kabla ya kulala, masaa matatu yamepita tangu nile, daktari alikubali na TSH haikuyumba.

Jambo jingine nalisema kwa uzito maana huku kwetu linatokea. Kama ulipojifungua ulitoka damu nyingi sana mpaka ukaongezewa, na maziwa hayakutoka kabisa, na hedhi haijarudi, mwambie daktari hata kama hajauliza. Kuna tatizo la tezi ya kwenye ubongo linaloletwa na kupoteza damu, TSH inaweza kuonekana ya kawaida wakati T4 iko chini, na matibabu yake yanaanza na dawa nyingine kabla ya hii. Na ukianza kupata mawazo ya kujiumiza au kumuumiza mtoto, au usingizi ambao hata wakikuamsha huamki vizuri, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki.

Kuhusu utameza mpaka lini, mimi nilikosea. Mtoto alipofika mwaka na miezi miwili nikajiona mzima nikaacha kimya kimya bila kumwambia mtu. Mwezi na nusu baridi ikarudi, kupima 17. Rafiki yangu wa kazini yeye alipunguziwa taratibu na daktari, akaacha kabisa, ni mzima, anapima mara moja kwa mwaka maana inaweza kurudi hata baada ya miaka. Kwahiyo kuacha kunawezekana, ila kwa vipimo, na isiwe wakati unatafuta mimba nyingine. Mimba ya pili, 2023, kipimo kilivyosoma tu nikampigia daktari siku ileile, akaniongezea vidonge viwili kwa wiki maana mtoto miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama, nikapimwa kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, nikajifungua nikarudi dozi ya zamani. Mtoto yuko hapa anapanda kwenye kochi.

Ukienda kupima, siku hiyo usimeze kidonge mpaka wakishakutoa damu, na omba T4 na kingamwili pia kama hawakupima mara ya kwanza. Kabla ya hapo niandikie hapa, kidonge unameza saa ngapi, baada yake unakula nini na baada ya muda gani, na vidonge vya damu bado unameza?