Mwache Kwanza Ajue Alipo

Siku farasi wangu wa kwanza alipoletwa, nilikuwa nimemwandalia kila kitu isipokuwa utulivu. Watu walikuwa wamejaa uani kumwona, watoto wanagombania nani apande kwanza, na tandiko lilikuwa tayari limening'inizwa juu ya ua. Akashuka kwenye lori na jasho shingoni, kichwa juu, masikio hayatulii. Kisha akalia kwa sauti kubwa, akalia tena. Nilidhani amefurahi kufika, kumbe alikuwa anawaita wenzake aliowaacha.

Tangu siku ile nimepokea farasi wengine kadhaa, wangu na wa marafiki, na kila anayeniuliza aanze vipi namwambia hivi: wiki nne za kwanza usimdai farasi kazi yoyote. Mlishe, mwangalie, umjue. Kwa siku moja tu amepotezewa wenzake, malisho yake, maji aliyoyazoea na watu ambao mikono yao anaijua. Uliyemwona mpole kule kwa muuzaji anaweza kukujia mwoga, au mkaidi, au mzito wa kutembea, na isiwe umedanganywa. Inaniuma sana kuona farasi anauzwa tena baada ya siku 15 kwa tabia ambayo huenda ingeisha akishazoea.

Hatari kubwa ya siku hizo iko tumboni, na hili nililijua kwa uchungu. Muuzaji aliniambia wazi kwamba yule farasi wangu wa kwanza, jike, alikuwa anakula nyasi kavu, na nafaka konzi mbili tu. Mimi, kwa mapenzi, nikampa nyasi zangu nilizoona ni bora zaidi, na nafaka nusu ndoo asubuhi na jioni. Usiku wa tatu nikamkuta anakwangua sakafu kwa ukwato wa mbele, anageuka kutazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena. Tangu mchana hakuwa amepata choo. Daktari wa mifugo alifika, akapitisha mpira puani mwake hadi tumboni, akampa dawa, tukakesha naye. Kulipokucha alikuwa ametulia. Wengine hawatulii.

Daktari alinieleza, na sijasahau. Farasi hawezi kutapika. Chochote akishakimeza, hata kikimdhuru, hakina pa kutokea ila kupitia utumbo mzima. Na nyasi hazisagwi na tumbo lake peke yake. Kazi kubwa hufanywa na vijidudu vinavyoishi kwenye utumbo mpana, navyo huzoea chakula fulani. Ukibadilisha ghafla, vingine vinakufa, gesi inajaa, na hapo ndipo msokoto wa tumbo unapoanza. Kwa hiyo unapokwenda kumchukua farasi, mwombe muuzaji nyasi za wiki mbili, hata kwa kununua. Changanya robo ya zako na robo tatu za kwao, uongeze kidogo kidogo mpaka siku ya 10 au ya 14. Nafaka usiiongeze kabisa wakati huo. Farasi wa kilo 500 anahitaji nyasi kavu zisizopungua kilo 7 au 8 kwa siku, azile polepole mchana na usiku, na kama hafanyi kazi mara nyingi hizo zinamtosha pamoja na chumvi. Hata malisho mabichi yaliyostawi yana hatari yake: anza na saa moja kwa siku, kwani kushiba majani mateke kwa ghafla kunaweza kumletea hata uvimbe ndani ya kwato, na maumivu yake ni makali mno.

Maji pia yapime. Farasi mkubwa hunywa takribani lita 25 hadi 50 kwa siku, zaidi kukiwa na joto, lakini wapo wanaokataa maji yenye harufu ngeni. Mimi hutumia ndoo wiki ya kwanza, hata penye bomba la kunyweshea, ili nione kiasi gani kimepungua. Na hesabu kinyesi bila kuona haya. Farasi mzima hupata choo mara 6 hadi 12 kwa siku. Banda likiwa safi asubuhi, hilo si jambo la kufurahia.

Nunua kipimajoto siku hiyohiyo unayonunua farasi. Akiwa ametulia, joto lake liwe kati ya nyuzi 37.2 na 38.5, moyo upige mara 28 hadi 44 kwa dakika, na avute pumzi mara 8 hadi 16. Pima asubuhi na jioni, andika. Baada ya siku chache utajua kiwango chake mwenyewe, na hicho kina thamani kuliko jedwali lolote. Safari ndefu humweka amefungwa kichwa juu, hawezi kuinama kutoa vumbi na makamasi, na homa ya mapafu inaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Mara nyingi joto ndilo husema kwanza, kabla hajaanza kukohoa.

Ukiwa na farasi wengine, mtenge mgeni kwa wiki tatu. Awaone ila wasifikiane pua. Ipo homa kali ya tezi za koo ambayo hupita kwa pua, kwa ndoo ya pamoja, hata kwa nguo na mikono yako, na dalili zake zinaweza kuchelewa hadi wiki mbili. Mhudumie mgeni mwisho, kisha nawa. Muda wa kumtenga ukiisha, waache wafahamiane kwanza kupitia ua, halafu umwingize uwanjani na mmoja aliye mpole zaidi, pasipo chakula cha kugombania. Kama huna farasi mwingine, tafuta mwenzake. Mnyama wa kundi haachwi peke yake.

Kwato zisafishe kila siku, na fundi wa kwato aje kila baada ya wiki 6 hadi 8. Chanjo, hasa ya pepopunda, thibitisha kwa cheti na si kwa maneno. Meno na minyoo mwachie daktari.

Kuhusu kujenga urafiki sina siri. Mwendee kwa upande wa bega, ukizungumza, kwa sababu mbele kabisa ya uso wake na nyuma kabisa ya mkia wake hakuoni. Mimi nilikuwa nachukua kiti kila jioni, nakaa ndani ya uwanja wa yule jike, sina kamba wala tandiko. Siku za kwanza alinipa mgongo. Baadaye akawa anakula karibu, kisha karibu zaidi, hadi siku moja akaninusa kofia.

Jambo moja nililingoja zaidi ya yote. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito humtaka alale chini, na halali chini pasipo kujiona salama. Kila asubuhi nilikuwa namkagua mwilini. Siku ya 11 nikamkuta na maranda ya kulalia ubavuni na kwenye manyoya ya shingo, jicho moja bado zito. Nikampangusa kwa mkono polepole. Tandiko nikaliacha palepale lilipo kwa wiki mbili zaidi.