Jibu: Kama maumbile yanamsukuma mtu kuchepuka, kosa liko wapi?

Ndugu, umeuliza: kama mageuko ya viumbe yamemfanya mwanamume atamani wanawake wengi, kwa nini alaumiwe akichepuka? Swali ni zito, lakini hoja imeruka hatua. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliliona hilo mwaka 1740: huwezi kutoka kwenye "ndivyo ilivyo" ukatua kwenye "ndivyo inavyopasa" bila kueleza umepitaje. Hasira nayo ni ya asili, na bado haihalalishi kipigo.

Halafu maumbile yenyewe hayasemi jambo moja. Robert Trivers, mwanabiolojia wa Marekani, alipoandika mwaka 1972 kuhusu gharama ya kulea watoto, wengi walishika nusu tu: dume hupoteza kidogo, basi na atangetange. Lakini mtoto wa binadamu huchukua miaka mingi kujitegemea, na mapenzi yanayowashikamanisha wazazi, hata wivu, huelezwa kwa mageuko hayohayo. Tena, kwa ndege wengi wanaoishi wawili wawili, vipimo vya DNA vimeonyesha kuwa majike nao hutoka nje. Kwa hoja yako, basi, mkeo naye ana ruhusa. Utaikubali?

Mimi maarifa haya nayachukua kama tahadhari: kishawishi kitakuja, nijipange mapema. Ila niliyemwahidi ni mtu aliyepanga maisha yake akiamini neno langu, na hapo ndipo penye suala la maadili. Kama huiwezi ahadi hiyo, mwambie mwenzako sasa, kabla hajaitegemea.