Kanga wangu kaingia shamba la mtu, nimfuate?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Niko Magu, nawinda kwa kibali. Juzi nilimpiga kanga bawa, akakimbilia shamba lenye ua wa minyaa. Mwenye shamba anaishi Mwanza mjini. Ningeruka ua? Na mwingine aliangukia ziwani, tukamkuta kwenye matete kesha kufa. Tule?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Vizuri umetaja kibali. Bila hicho ningeanzia kwingine kabisa.

Kwanza, huyo kanga ni wako? Mafakihi wetu wa Kishafii wanasema windo huwa mali ya mpigaji pale linaposhindwa kujinusuru. Kanga anajinusuru kwa mabawa na kwa miguu, na aliyewahi kumkimbiza anaijua miguu ile. Kama bado alikuwa anachanja mbuga, hakuwa wako. Kijana wa shambani akimkamata, ni wake. Kama alikuwa keshalegea, hapo ni mali yako iliyo kwenye ardhi ya mwenzako, mfano wa nguo iliyopeperushwa na upepo hadi uani kwa jirani: kwake ni amana, naye hana haki ya kukuzuilia.

Lakini kuwa wako hakukufungulii ua. Surat An-Nur, aya ya 28, inasema msipomkuta mtu msiingie mpaka mruhusiwe. Inazungumzia nyumba, ila shamba lililozungushiwa minyaa limeshasema "piga hodi" kwa niaba ya mwenyewe. Niliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hii: ndege mmoja, na miche ya nyanya imelala chini tuta zima, alama za buti juu yake. Mwindaji alikuwa akisisitiza ndege ni wake. Hakuna aliyembishia hilo!

Kwa hiyo mpigie simu mwenye shamba, au muite balozi wa nyumba kumi. Wakikosekana wote, na unamwona kanga anatapatapa, usimwache ateseke: ingia kwa njia fupi, umchinje, utoke, kisha umwarifu mwenyewe na ulipe ulichoharibu.

Yule wa ziwani msimle. Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba wake Adiy bin Hatim kuwa windo likikutwa limezama majini lisiliwe, kwani hajui ni maji yaliyoliua au mshale wake, imo katika Bukhari na Muslim. Ingekuwa risasi imemkata kichwa angali hewani, shaka isingekuwepo. Lakini wewe mwenyewe umeandika mlimkuta tu, kesha kufa.

Wallahu a'lam.